Kikohozi Getini

Jumapili, 9 Machi 2025

Nimemaliza. Naandika nikiwa nimelala chali, daftari juu ya tumbo, maana miguu imekataa kukunjwa. Nusu marathoni ya Keroka, ya kuchangia maktaba ya watoto, kilomita ishirini na moja za kupanda na kushuka, na mimi Bonareri, fundi wa sare za shule, sikutembea hata mlima mmoja. Kuna wanaume wenye mapaja kama ya fahali niliowapita wakitembea, mikono kiunoni, wakijifanya wanaangalia mandhari. Walioshinda walikuwa wamekwisha kuoga mimi nikiwa bado nateremka. Hiyo si hoja, hakuna aliyenituma kushinda.

Rafiki yangu wa mbio, Anisa, hakukimbia kwa sababu yuko kwenye mfungo. Alisimama mbele ya duka la vitambaa la mamake, Kaltuma, pale ambapo cherehani yangu hukaa kwenye veranda, akapiga kelele mpaka nikaona haya. "Bona! Wewe ni moto! Usiangalie nyuma, hakuna mtu!" Kweli, nyuma hakukuwa na watu wengi.

Jambo moja tu liliniharibia siku. Karibu na soko la ng'ombe nilimwona baba mkwe wangu, mzee Manasseh, amesimama kando ya barabara na kofia yake ya kahawia. Sote tunamwita Tata, ndivyo baba anavyoitwa kwa Ekegusii, lugha ya huku. Macho yetu yalikutana. Nilikuwa nimevaa ile kaptura nyeusi inayoishia juu ya goti. Nilimpungia mkono kwa furaha yangu yote, naye akageuka akanipa mgongo, akatazama ukuta wa duka la dawa za mifugo mpaka nikapita.

Najua kuna ensoni, ile heshima ya mkwe na mke wa mwanawe. Tata hajawahi kuingia nyumbani kwangu. Hatupeani mikono. Nikimpelekea chai naweka chini, yeye anaokota. Akikaribia jikoni hukohoa kwanza, nijitengeneze nguo. Nilizaliwa na kulelewa Molo, tulikochanganyika na kila kabila, na mambo haya nilikuja kuyakuta hapa nilipoolewa. Nimeyafuata miaka minne bila kulalamika. Lakini mtu anaweza kuheshimu na bado akatikisa kichwa kidogo, ujue amekuona. Yeye aligeuka kama aliyeona uchafu barabarani. Iliniuma sana.

Medali nimeificha chini ya godoro.


Jumatatu, 10 Machi

Ujumbe kutoka kwa Mose, mume wangu, aliyeko Mombasa kwenye kazi ya bandarini: "Baba amesema hataki kukuona tena barabarani ukiwa hivyo. Watu wanaongea. Tafadhali Bona."

Hata hongera hakuna. Kwa hiyo mzee alitoka sokoni akaenda moja kwa moja kwenye simu. Kunitazama hawezi, kunishtaki anaweza.


Jumatano, 12 Machi

Mvua. Sikukimbia. Nimeshona kola tu.


Alhamisi, 13 Machi

Bila mama mkwe ningeshatoroka boma hili. Mama Nyanchera ananitania, ananifichia ndizi tamu, na tukichuma chai ananiletea habari za kanisa zima mstari baada ya mstari. Huniongelesha Kiswahili kwa sababu Ekegusii changu cha Molo humchekesha mpaka anamwaga majani. Leo nilimweleza ule ujumbe.

"Wacha tu, mwanangu," akasema. "Wanaume ya hapa ni hivyo. Kaa nyumbani kidogo, mwili ipumzike. Mwili ikipumzika, mambo ingine itakuja."

Mambo mengine ni mtoto. Kanisa letu zima la Wasabato linajua nimeolewa miaka mingapi na nina watoto wangapi. Wanasema kukimbia kunatikisa tumbo la uzazi. Mimi ningewajibu kwamba mtoto hatumwi kwa M-Pesa: Mose alikuja Desemba wiki moja, na nusu ya wiki hiyo alikuwa na homa, na likizo yake ijayo ni Agosti. Lakini mke wa mtu hajibu hivyo, basi nilichuma chai.

Ukweli ni kwamba tangu naamka hadi nalala kuna mtu ana kazi na mimi. Nikikimbia hakuna anayenituma popote. Hicho ndicho ninachokipenda, wala sikimbilii afya.


Jumatatu, 24 Machi

Geti limetiwa mnyororo na kufuli. Wanasema wezi wa ng'ombe wameonekana kijiji cha pili. Litafunguliwa saa moja asubuhi, mtu wa maziwa akija. Ufunguo mmoja anao Mama, wa pili Tata. Mimi hukimbia saa kumi na moja na nusu, kwa sababu saa moja natakiwa niwe nimeshaandaa chai na niko njiani kwenda Keroka kwenye cherehani, na jioni kuna kuni, maji, ugali, vyombo. Wakati wangu ulikuwa huo mmoja.

"Nani ameamua?" nilimuuliza Mama.

"Mwenye boma," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Mwenye boma alikuwa nje anaangalia ng'ombe wake, mgongo kwangu kama kawaida.


Jumanne, 1 Aprili

Jana ilikuwa Idd, na leo Anisa ameniletea pilau kwenye veranda. Amerudi kwa vishindo. Ameshachagua mbio zetu za msimu huu wa mvua: Kisii mwisho wa mwezi, Nyacheki mwanzoni mwa Mei, Nyansiongo tarehe nane Juni. Nikamwambia habari za kufuli na za kaptura.

"Shida ni kaptura tu? Mimi nakimbia na hijabu na bado nakupita, Bona. Si wewe ni fundi? Jishonee sketi ya kukimbia, refu, ya kupanuka. Huyo mzee atasema nini tena?"

Sijui kwa nini sikuwaza hivyo mwenyewe. Kaltuma amenikatia kitambaa cha samawati, kile chepesi kisichoshika jasho, akasema nikifika wa kwanza nitaje duka lake.


Jumapili, 6 Aprili

Sketi imekwisha. Ina marinda manne mapana na mfuko wa funguo. Naichukulia kuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kushona. Niliianika tu, Mama akapita, akaishika, akaipima kiunoni.

"Eh! Hii imenitoshea kama ilipimwa kwangu. Ni ya Sabato hii?"

Ungesema nini? Mke wa mwana hamnyang'anyi mama mkwe nguo iliyo mikononi mwake. Nilisema, "Ni yako, Mama." Akanishukuru kwa nguvu, akaingia nayo ndani. Nikabaki nje na vibanio vya nguo.


Jumatano, 9 Aprili

Leo nimekuwa kichekesho. Niliamka saa yangu ya zamani na mwili ukakataa kukaa. Geti limefungwa, ua ni michongoma na seng'enge. Basi nikavua viatu nikaanza kuzunguka ndani ya boma: zizi la ng'ombe, ghala, kisima, choo, zizi tena. Kuku wakapiga kelele. Ndama aliyefungwa kwa kamba akaanza kuzunguka mti wake na yeye, kamba ikamkaba, akasimama ananiangalia. Niliona sura yangu pale. Nikaendelea.

Nilipokuwa nalipita zizi sijui kwa mara ya ngapi, nilisikia kikohozi ndani. Tata alikuwa anakamua. Kumbe alikuwapo muda wote. Nilijifunika kanga nikakimbilia jikoni, nikawasha moto huku nalia kwa hasira. Ninataka kutoka tu. Nitoke, nirudi, kazi zangu zote nifanye. Je, ni makubwa hayo?


Ijumaa, 11 Aprili

Geti lilikuwa wazi. Kufuli lilining'inia kwenye mnyororo, limefunguliwa, na nje bado ni kiza chepesi. Nilidhani mwizi ameingia. Nikahesabu ng'ombe, wote wapo. Kutoka zizini, kikohozi.

Nilitoka. Nilikimbia hadi kituo cha kununulia chai na kurudi, umande wote miguuni, na niliporudi geti lilikuwa bado wazi.


Jumatatu, 14 Aprili

Wazi tena. Kikohozi tena. Sielewi mchezo huu. Anisa anasema mzee amesahau kufunga, uzee. Mimi nasema anafungua makusudi ahesabu makosa yangu, kisha ampigie Mose akiwa na ushahidi.

Jirani yetu Gesare amejifungua mapacha. Watoto wake wakubwa walikuwa wanampigia kelele kwenye ua, "Baba! Baba!" kama watoto wa huku wanavyomwita mama yao, na mimi baada ya miaka yote hii bado niligeuka kutafuta mwanamume.


Jumatano, 16 Aprili

Wazi. Kikohozi.


Ijumaa, 18 Aprili

Wazi. Kikohozi. Mvua ya mawe njiani. Sikujali.


Jumamosi, 26 Aprili

Leo ilikuwa nusu marathoni ya Kisii, na mimi nilikuwa Kisii, na sikukimbia.

Nilijua tangu awali kuwa ni Jumamosi na Sabato haikimbiwi. Nilikuwa nimekubali kukaa kanisani kwetu nisali niisahau. Lakini kwaya ya Mama ilialikwa kuimba mjini, katika kanisa lililo kando ya barabara kuu, na Mama akasema lazima niende nimbebee chakula. Alivaa sketi yangu ya samawati. Ilimkaa vizuri, siwezi kudanganya.

Mzee wa kanisa aliposimama kuomba ndipo nikasikia pikipiki za polisi, halafu firimbi, halafu miguu. Mtu asiyekimbia hawezi kuijua sauti hiyo, miguu mingi kwenye lami iliyolowa. Walipita dirishani mwetu. Kwanza wale wepesi, hawagusi chini. Kisha watu kama mimi, vifua mbele, midomo wazi. Ombi lilikuwa refu. Nilifumbua macho, Mungu anisamehe, nikamwona Anisa, hijabu nyeusi, uso mwekundu, anapanda ule mlima kwa hatua fupifupi kama nilivyomfundisha. Niliukamata ubao wa kiti. Miguu yangu chini ya benchi ilikuwa inatembea yenyewe. Nilitamani kupiga kelele jina lake, nikasema "Amina" kabla ya wakati na watu wawili wakageuka.

Upande wa wanaume Tata, aliyekuja nasi, alikuwa amefumbua macho pia. Alikuwa anatazama dirisha. Bila shaka anakagua nani amevaa nini.


Jumapili, 4 Mei

Nyacheki. Nimedanganya. Nimesema naenda kupima watoto sare za shule, nikajifunga utepe wa kupimia shingoni kama ushahidi.

Njia yote ni mashamba ya chai na udongo mwekundu uliopigwa na mvua usiku kucha. Mpaka katikati nilikuwa vizuri kuliko Keroka. Nilicheka peke yangu. Kisha kwenye mteremko nikafikiria geti, kama nitalikuta wazi, na nani atakuwa amesimama pale, nikakosa kuangalia chini. Nilianguka kwa goti, nikateleza hadi kwenye mtaro. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitazama kutoka shambani alinivuta, akaniambia, "Rudi kwako, dada, hii si kazi." Nilimaliza, kwa kuchechemea, nikiwa karibu wa mwisho. Anisa alinisubiri kwenye mstari na maji.

Nyumbani Mama aliona goti kabla sijafika mlangoni. Watoto wa shule hawajeruhi fundi hivyo. Hakuuliza. Alichemsha maji ya chumvi, akanikalisha, akaniosha polepole akinipuliza kama mtoto. Mikono yake ilikuwa laini hata nikataka kumwambia kila kitu.

"Inatosha sasa, Bona," akasema. "Umeona yenyewe imekukataa."


Jumanne, 13 Mei

Goti limevimba. Sikimbii. Geti huwa wazi asubuhi, nausikia mnyororo ukianguka, na kikohozi, na mimi niko kitandani. Ni kama ananicheka.


Ijumaa, 16 Mei

Mose amepiga simu. Amesikia habari za Nyacheki, goti, uongo wa sare, yote. Atakuja Juni, Jumapili tarehe nane alasiri, tuketi kama familia, mjomba wake Onsongo awepo. Ametaja anachotaka mapema nisishtuke: niache mbio, na niache cherehani ya Keroka, kwa sababu huko ndiko ninakojifunzia mambo haya na yule msichana wa Kaltuma. "Utakaa nyumbani mpaka Mungu atukumbuke," akasema.

Nikamwambia tarehe nane ni mbio za Nyansiongo.

"Bona, unanisikia kweli?"

Nilimsikia. Tangu alipokata simu naona boma hili limekuwa dogo. Nikisimama jikoni naona zizi, nikisimama zizini naona jikoni. Nikiacha cherehani, nitakuwa nikiona hivyo hivyo mpaka nizeeke.


Jumapili, 25 Mei

Nimejaribu goti. Linashika. Nimekwenda taratibu hadi kituo cha chai. Wazi, kikohozi.


Alhamisi, 29 Mei

Leo nimejua mambo.

Nilimpigia Mose kumwambia kwamba nitakimbia Nyansiongo kwanza, kisha nitakuja kwenye kikao chao na jasho langu. Tulipandishiana. Nikamwambia, "Na umwambie Tata mimi si mfungwa wake."

"Tata amefanya nini?"

"Si yeye alikupigia simu tangu Machi kwamba hataki kuniona barabarani?"

Nilisikia kreni za bandarini nyuma yake.

"Bona, Tata hajawahi kunipigia simu tangu anunuliwe hiyo simu. Niliandika Baba. Baba! Si unajua Baba ni nani?"

Najua. Kila mtu wa huku anajua. Kwa Ekegusii, baba ni mama. Mume wangu amemwita mama yake Baba mbele yangu mara nyingi nisizoweza kukumbuka. Lakini aliandika Kiswahili, na mimi nilikuwa nimetoka kupewa mgongo na mzee, nikasoma nilichotaka kusoma. Miezi yote hii nimemchukia mtu asiyehusika.

Nilimkuta Mama kwenye chai. Nilisimama mstari wa pili.

"Ni wewe uliyemwambia Mose?"

Hakuacha kuchuma. "Ni mimi."

"Na kufuli?"

"Pia ni mimi. Wezi hawakukuwa. Nilimwambia mzee kuna wezi." Akatupa majani kapuni. "Wewe unatoka asubuhi, unarudi uso inang'aa, na nyumba inabaki vile vile. Nilisema akikaa tutapata mtoto. Watu wananiuliza kila Sabato, Bona. Mimi ndio wananiuliza, si wewe."

Nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mimi nilikuwa nakimbia mita mia nane. Shule ilinipeleka mpaka wilayani. Mwaka huo nikaolewa. Mimi nani alinifungulia geti?"

Nilikuwa na hasira na huruma kwa pamoja, na vyote viwili vilikuwa juu yake. Tulichuma hadi mwisho wa shamba.

Sasa nimekaa nawaza. Kama kufuli ni la Mama, na ufunguo wa pili anao Tata kwa ajili ya mtu wa maziwa, basi alikuwa akifungua kwa nini? Ili nitoke. Alianza baada ya kuniona nazunguka na ndama. Na kile kikohozi kilikuwa cha kunijulisha kuwa yeye yuko zizini, hatoki, hatazami, nipite na kaptura yangu.


Jumamosi, 7 Juni

Sabato. Nimekaa kanisani kimya. Kesho.


Jumapili, 8 Juni

Nitaandika yote hata kama mkono utaniuma.

Asubuhi nilivaa kaptura nyeusi, bila kanga juu yake. Niliogopa hatua zote za kutoka mlangoni hadi getini. Lilikuwa wazi kabisa, limeegemezwa jiwe lisirudi. Kikohozi kikaja kutoka zizini. Nilitaka kujibu kitu, sikujua kinajibiwaje, nikatoka. Anisa alikuwa barabarani na gari la mamake.

Nyansiongo si kama kwetu. Yalikuwa mashamba ya wazungu zamani, kwa hiyo ni mapana, mahindi hadi macho yachoke, ng'ombe wa maziwa kwenye nyasi, miti mirefu imepangwa mistari. Milima yake haikuchomi ghafla, inapanda polepole na haikomi. Tulianza na ukungu. Nilijiambia nisikimbie kwa hasira, na kilomita za kwanza nilikimbia kwa hasira. Niliwaza kikao. Niliwaza cherehani imefunikwa gunia kwenye kona ya nyumba. Niliwaza hizi huenda ndizo mbio zangu za mwisho, nami natumia muda wake kumchukia mume wangu, basi nikajaribu kuangalia ng'ombe. Anisa aliniacha kwenye mlima wa pili, nikamwambia aende. Goti lilianza kusema.

Ilikuwa baada ya kilomita ya kumi na nane, mahali barabara ya vumbi inapogusa shamba la mahindi. Kulikuwa na meza ya maji ya waandaaji, vijana wanne na jagi. Mbele kidogo ya meza niliona mgongo.

Ningeujua mgongo ule popote, nimeutazama miaka minne. Koti la Sabato, kofia ya kahawia. Amesimama wima ameyageukia mahindi, mikono nyuma, na nyuma yake, kwenye ukingo wa barabara, kuna kigoda. Ni kigoda chake cha miguu mitatu anachokamulia. Juu ya kigoda kuna kikombe cha bati cha jikoni kwetu, kile kilichobanduka rangi mdomoni, kimefunikwa sahani, na chini ya kigoda chupa ya chai.

Mmoja wa vijana wa maji aliniambia, "Dada, endelea tu, hiyo si ya mbio. Huyo buda alikuja na pikipiki akiwa ameshikilia kiti yake kama mtoto. Kila mtu akitaka kushika hiyo kikombe anamfukuza. Anasema iko na mwenyewe. Na hata haangalii mbio! Amekuja kuangalia mahindi!"

Nilisimama. Mguu wa mtu anayekimbia hausimamishwi pale, lakini nilisimama. Sikujua niseme nini. Jina lake siwezi kuliita, mkono wake siwezi kuushika. Halafu nikajua.

Nilikohoa.

Mabega yake yalitikisika kidogo. Hakugeuka. Kisha, kwa sauti ya asubuhi zote zile, akakohoa.

Nilifunua sahani. Ulikuwa uji wa wimbi, bado vuguvugu. Hakuna mtu mwenye akili anayekunywa uji wa wimbi kilomita ya kumi na nane. Niliunywa wote, mpaka chembechembe za chini, wale vijana wakinishangilia na kucheka. Nikakirudisha kikombe juu ya kigoda, nikakifunika.

"Asante, Tata," nikasema.

Akazungumza na mahindi. "Huko mbele kuna matope chini ya mti mkubwa. Shika kushoto."

Nikashika kushoto. Nililia kuanzia pale hadi kwenye mstari, na uji ulinipiga kichomi nikakimbia nimejishika ubavu, na ndiyo mbio nilizokwenda polepole kuliko zote. Anisa alidhani nimeumia. Nikamwambia ni furaha, na ilikuwa kweli.

Alasiri tukaketi nyumbani kwa Mama. Mose alikuwa ameshuka Keroka mchana, amechoka, shati limejikunja. Onsongo alifungua kwa maombi. Tata alikaa karibu na mlango, pale anapokaa mzee mke wa mwanawe akiwamo chumbani, uso ukutani. Mose alisema yake: mbio ziishe, cherehani ije nyumbani. Mama akaongeza kwamba mke wa mwanawe anapita barabarani karibu uchi, watu wazima wanaona, boma linaaibika. Alisema akitazama mikono yake. Mimi niliulizwa, nikasema sitaacha, nikaanza kulia.

Onsongo akageuka. "Manasseh, boma ni lako. Unasemaje?"

Tata akakohoa. Nilijivutia kanga bila kufikiri.

"Leo mimi nilikuwa Nyansiongo," akasema. "Nimesimama barabarani kutoka asubuhi mpaka watu wote wakapita. Sikuona mtu amevaa vibaya. Hata mmoja."

"Uliangalia vizuri?" Onsongo akamuuliza.

"Nilikuwa hapo hapo barabarani."

Mama alimtazama. Anamjua mumewe, alijua kabisa alisimama vipi. Alijifunika mdomo kwa kanga na mabega yakaanza kumcheza, na nilipoona anacheka nilizidi kulia.

"Mokamwana atafanya kazi yake ya sare na atakimbia," Tata aliendelea, akiuambia ukuta; mokamwana ni mimi, mke wa mwanawe. "Kama kuna mtu hapa hakimbii vizuri ni Mose. Kutoka Desemba mpaka Agosti ni mbali. Akimbie kidogo, aje nyumbani."

Onsongo alifunga kwa maombi upesi sana.


Jumatatu, 9 Juni

Mose ameondoka na basi la asubuhi. Tumezungumza, si yote. Bado amenuna, ameniambia atajaribu kuja Julai. Sijui kama nimuamini. Bado niko hapa, bado kuna kuni na maji na ugali, na Sabato ijayo watamuuliza Mama tena.

Kwenye kamba yangu ya nguo nimekuta sketi ya samawati, imefuliwa, marinda yamepigwa pasi.

Nimeivaa leo. Geti lilikuwa limefungwa, ila ufunguo uko ndani ya kufuli. Kabla sijauzungusha nilisimama, nikakohoa, nikangoja mpaka kutoka zizini nikajibiwa.